Ukaguzi wa uongezaji damu: nianze na mafaili ya wodi au rejesta ya benki ya damu?

MuuguziWodi:

Habari za kazi wakuu. Naomba msaada wa wenye uzoefu. Mimi ni muuguzi wa wodi ya magonjwa ya ndani. Kamati ya damu ya hospitali imenipa kazi ya kukagua tunavyoongeza damu na tunavyoandika, kisha nipeleke taarifa kwenye kikao kijacho. Nimepewa dodoso la ndiyo na hapana: ridhaa ipo? Sababu imeandikwa? Watu wawili wamehakiki? Vipimo vya joto, mapigo na upumuaji vya dakika ya 15 tangu damu ianze vipo? Muda wa kumaliza upo?

Nilianza kwa kuwaomba wakuu wa wodi mafaili ya wagonjwa walioongezewa damu. Wamenipa, na karibu kila kisanduku ni "ndiyo". Ningefurahi, ila mambo mawili yananikosesha raha. Kwanza, mwenzetu wa benki ya damu ananiambia kuna uniti (mifuko ya damu) zilizotoka kwake ambazo mpaka leo hajui ziliishia wapi, kwa sababu karatasi ya marejesho haikumfikia. Pili, baadhi ya mafaili yana vipimo vinavyofanana mno. Joto 36.8, mapigo 80, upumuaji 20, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kalamu ileile, mwandiko uleule.

Wenzangu nao wameanza kunitazama kama niliyetumwa kuwachongea. Sina nia hiyo. Nataka kujua mgonjwa anayetundikiwa damu kwetu yuko salama kiasi gani. Nianzie wapi? Mafaili mangapi yanatosha? Na yale yenye vipimo pacha niyahesabu "ndiyo"?

MezaYaDamu:

Dada, pole na kazi, na nakupongeza kwa kutoridhika na hizo "ndiyo". Mimi ni mtu wa maabara, nimekaa upande wa benki ya damu muda mrefu na ukaguzi wa aina hii nimeufanya na kuufanyiwa. Nitajibu kirefu kidogo kwa sababu jambo hili liko moyoni mwangu.

Anza na rejesta ya benki ya damu. Rudisha hayo mafaili uliyopewa. Mkuu wa wodi akiombwa mafaili ya walioongezewa damu, atakupa yale anayoyakumbuka na yale ambayo fomu imo ndani. Yaani umekagua walioandika tu. Yule ambaye damu yake haikuandikwa popote hawezi kuonekana kwenye rundo hilo, na ndiye unayemtafuta. Rejesta ya kutolea damu inakupa kila uniti iliyovuka dirisha letu, na kila moja ina namba yake. Ishike namba hiyo, uifuate mpaka kwenye mkono wa mgonjwa.

Kila uniti lazima iwe na mwisho wake: imeingia kwa mgonjwa, imerudishwa, imemwagwa, au haijulikani. Ukifika kwenye kikao, hesabu ya kwanza kuisema iwe hiyo ya mwisho. Watu huiona kama habari ya makaratasi. Sivyo. Fikiria mchangiaji damu amerudi kuchangia tena, safari hii vipimo vyake vimeonyesha virusi. Damu aliyotoa mara iliyopita huenda ilichukuliwa siku ambazo kipimo kilikuwa hakijaweza kuvikamata. Benki inapiga simu: uniti namba fulani alipewa nani? Kama hospitali haina jibu, kuna mtu anaendelea na maisha bila kujua kwamba anapaswa kupimwa na kutibiwa. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2002, unataka kumbukumbu za kuifuatilia damu kutoka kwa mchangiaji hadi kwa mgonjwa zitunzwe angalau miaka 30. Waliweka muda huo kwa sababu yapo magonjwa yanayochelewa kujitokeza.

Baada ya hapo, shika saa. Dodoso lako linauliza kama muda umeandikwa. Wewe andika muda wenyewe, safu tatu: damu imetoka jokofuni saa ngapi, imeanza kuingia saa ngapi, imeisha saa ngapi. Chembe nyekundu hukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 6. Kanuni inayotumika sehemu nyingi ni kwamba uniti ikikaa nje zaidi ya dakika 30 hairudishwi kwenye akiba, na ikitundikwa iwe imeisha ndani ya saa 4 tangu itoke kwenye baridi, kwa sababu bakteria wakiwemo, joto la chumba linawapa nafasi ya kuzaliana. Sasa toa hesabu kwenye safu zako. Kisanduku cha "muda umeandikwa" kinaweza kuwa "ndiyo" na damu ikawa imening'inia saa 6.

Nikuonyeshe fomu ya aina niliyokutana nayo. Rejesta ya benki: uniti imetoka saa 8:40 usiku. Fomu ya wodi: imeanza saa 8:30, vipimo saa 8:45, tena saa 9:30, tena saa 10:30, imeisha saa 12:30 kamili. Saini mbili zipo. Hakuna kisanduku kitupu. Lakini damu imeanza kuingia dakika 10 kabla ya kutoka jokofuni. Dodoso la ndiyo na hapana lingeipa fomu hiyo alama zote. Kabla hujamfikiria mtu vibaya, nenda ukasome saa ya ukutani ya wodi na saa ya maabara kwa wakati mmoja, kwa maana huwa zinapishana, na ukikuta zinapishana umeshapata jambo la kwanza la kurekebisha.

Kuhusu vipimo pacha: usivihesabu "ndiyo" wala "hapana". Weka kundi la tatu, uliite "vimeandikwa, vina mashaka". Vigezo vyake uviandike kabla ya kufungua faili la kwanza: namba zilezile mistari yote, au dakika zote zinaangukia 00, 15, 30 na 45. Ukiviamua katikati ya kazi utaanza kuwaonea huruma wengine na kuwakazia wengine.

Idadi: kama uniti za mwezi si nyingi, chukua mwezi mzima bila kuruka hata moja. Kama ni nyingi, chukua kila ya tano kwenye rejesta, yoyote itakayoangukia. Usichague. Hakikisha tu usiku, mwisho wa wiki, chumba cha upasuaji na wodi ya wazazi vimeingia, maana hapo ndipo damu huenda kwa haraka na kalamu hubaki nyuma.

La mwisho kwa leo. Faili linakuambia kilichoandikwa. Halikuambii kilichofanyika. Uhakiki wa watu wawili hauwezi kuukagua ukiwa umekaa. Omba ruhusa, simama kando ya kitanda pale damu inapotundikwa, utazame macho yao yanakwenda wapi. Je, jina na namba ya mgonjwa vinasomwa kutoka kwenye utepe wa mkononi, au kutoka kwenye fomu? Mgonjwa ameombwa ataje jina lake mwenyewe, au ameulizwa "wewe ni fulani, eti?" akaitikia kwa uchovu? Wamehakiki kitandani, au kwenye meza ya wauguzi kisha mmoja akaubeba mfuko peke yake? Mfuko unaweza kuafikiana vizuri kabisa na fomu, na vyote viwili vikaenda kwa mtu asiye mwenyewe. Nchini Uingereza mpango wa SHOT unakusanya ripoti za matukio ya uongezaji damu tangu 1996, na mwaka baada ya mwaka sehemu kubwa ya ripoti hizo inatokana na makosa ya watu katika hatua za kazi, zikiwemo hizi za kumtambua mgonjwa. Damu isiyooana haihitaji kuisha yote ndipo idhuru. Mililita chache za mwanzo zinaweza kutosha.

Na usisahau hatua iliyo nyuma ya hiyo yote: kuchukua sampuli. Tizama kama kichupa kinaandikwa jina pale pale kitandani, baada ya damu kuingia. Vichupa vilivyobandikwa majina mapema kwenye trei ndivyo vinavyoleta damu ya mtu huyu katika kichupa cha yule, na sisi maabara hatuna namna ya kuona, labda kama mgonjwa ana kundi la damu lililokwisha kurekodiwa kwetu na majibu mapya yakakataa. Ndiyo maana tunang'ang'ania sampuli ya pili, iliyochukuliwa kwa wakati mwingine, kwa mgonjwa tusiye na historia yake. Wodi hutuona wasumbufu. Tutaendelea kusumbua.

DaktariZamu:

Naunga mkono yote, ila naona mnakagua damu ikiwa tayari imeshaamuliwa. Nani anakagua uamuzi wenyewe?

Swali la "sababu imeandikwa?" lina udhaifu uleule wa visanduku. "Damu ndogo" si sababu. Kwenye kila faili chukua himoglobini (kipimo cha wingi wa damu, gramu kwa desilita) ya mwisho kabla ya kuongezewa, tarehe yake, na hali ya mgonjwa siku ile: anatoka damu? Kifua kinambana? Ana ugonjwa wa moyo? Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Kanada uliofuata wagonjwa mahututi 838. Nusu waliongezewa damu himoglobini ikishuka chini ya 7, nusu chini ya 10, na wale wa kusubiri 7 hawakufa zaidi ya wenzao. Tangu hapo miongozo mingi imesimama kwenye 7 kwa mtu mzima aliyetulia asiyetoka damu, na 8 kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Anayevuja damu mbele yako hasubirishwi namba. Huyo mkague kwa kigezo kingine: damu ilichukua muda gani kumfikia tangu iombwe?

Kisha angalia idadi. Mazoea ya kuagiza uniti mbili kwa pamoja bado yapo kwa mgonjwa aliyetulia ambaye moja ingetosha. Inatakiwa moja, kisha mgonjwa aangaliwe na himoglobini irudiwe, ndipo ya pili iamuliwe. Mzee mwenye moyo dhaifu akipewa mbili za haraka, mapafu yanaweza kujaa maji, na hilo ni miongoni mwa mambo yanayoua zaidi katika uongezaji damu, ingawa watu wanaogopa zaidi magonjwa ya kuambukiza. Kwa hiyo ongeza swali: uzito wa mgonjwa umeandikwa? Kwa mtoto hilo ni la lazima, maana kiasi chake huhesabiwa kwa mililita kwa kila kilo.

Ridhaa nayo, usikubali saini ya upasuaji ihesabiwe kuwa ya damu. Mgonjwa aambiwe kwa nini anahitaji damu, hatari zake, na kama kuna njia nyingine, kwa mfano madini ya chuma kwa ambaye hali yake inaruhusu kungoja.

MezaYaDamu, una hesabu ya uniti zinazolinganishwa na damu ya mgonjwa kuona kama zinaoana, na ya zile zinazotumika kweli?

MezaYaDamu:

Ninayo, daktari, na umenikumbusha jambo. Gawa idadi ya uniti zilizolinganishwa na mgonjwa kwa idadi ya zilizoingia. Jibu likizidi 2, watu wanaomba kwa hofu: mgonjwa wa upasuaji anawekewa uniti nne, anatumia moja au hatumii kabisa, na siku zote hizo damu ile imefungwa kwa jina lake huku wodi nyingine inaambiwa hakuna. Dada, gawanya hesabu hiyo kwa idara, itakuonyesha pa kwenda kuzungumza.

KeshaWodini:

Mimi nazungumza kama muuguzi wa usiku, na naomba nisikilizwe.

Vipimo pacha vinatoka wapi? Njoo wodini saa 9 usiku. Muuguzi yuko mmoja na msaidizi mmoja. Damu imefika wakati wa makabidhiano ya zamu, kila mtu ameshika lake. Muuguzi ametundika, ameanza kuhesabu dakika 15 za kukaa karibu na mgonjwa, kitanda cha mwisho mtu anaanza degedege. Anarudi baada ya nusu saa. Mgonjwa wa damu yuko salama, amelala. Vipimo anachukua sasa, anaviandika kwa kalamu kwenye kipande cha plasta alichobandika kwenye stendi ya dripu, kwa sababu fomu iko ndani ya faili na faili liko mezani upande wa pili. Alfajiri anakuja kuhamisha. Plasta imelowa, namba moja haisomeki. Anajaza.

Sisemi ni sawa. Dakika 15 za mwanzo ndizo ambazo damu isiyooana hujionyesha: maumivu ya mgongo, baridi, wasiwasi, presha kushuka, mkojo kugeuka mwekundu. Najua hivyo na wenzangu wanajua. Ninachoomba ni kwamba ukaguzi uandike pia saa ambayo damu ilitundikwa na wauguzi walikuwa wangapi. Ukiweka safu hizo mbili kando ya vipimo vyenye mashaka, utaona vinakusanyika wapi. Kwetu baada ya kuziweka, yalifuata mambo mawili. Damu isiyo ya dharura ikaacha kutundikwa usiku, na fomu ya ufuatiliaji ikatolewa kwenye faili ikaning'inizwa miguuni pa kitanda. La pili halikugharimu chochote, na lilifanya kazi kuliko barua zote za onyo tulizowahi kupokea.

MuuguziWodi:

Nawashukuru sana, nyote. Nimeanza upya na rejesta. Fomu ya KeshaWodini ya kitandani nimeipeleka kwa mkuu wa wodi yetu bila kusubiri kikao, amekubali tuijaribu.

Nina maswali mawili. Katika kipindi ninachokagua, hakuna hata fomu moja ya madhara ya damu. Niandike kwamba hakukuwa na madhara? Na uniti zisizojulikana, nimetafuta mafaili yake, mengine masjala wanasema hayapo. Niziondoe kwenye hesabu?

MezaYaDamu:

Usiandike kwamba hakukuwa na madhara. Andika kwamba hakuna yaliyoripotiwa, kisha ukayatafute. Homa ya damu ni jambo la kawaida kiasi kwamba ukimya wa kipindi kizima unatia shaka. Kwenye mafaili yaleyale pitia karatasi ya joto: imepanda nyuzi 1 au zaidi ikafika 38 wakati damu inaingia, au saa chache baadaye? Halafu fungua chati ya dawa. Tafuta haidrokotisoni na klofeniramini (za mzio), parasetamoli (ya homa), furosemidi (ya kupunguza maji mwilini), zilizotolewa kwa dharura ndani ya saa zile za damu. Hapo ndipo madhara hujificha: mgonjwa alitetemeka au alitoka vipele, daktari akaitwa, sindano ikachomwa, hali ikatulia, hakuna aliyefikiri ni jambo la kuripoti. Baadhi zitakuwa dawa walizozoea kuwapa wagonjwa kabla ya damu, kwa hiyo linganisha saa ya sindano na saa ya kuanza.

Ukimpata mgonjwa wa namna hiyo, angalia kilichofuata. Damu ilisimamishwa? Mpira wa kupitishia damu ulibadilishwa na salaini (maji ya chumvi) ikaendelea kuilinda kanula, ule mrija mdogo wa mshipani? Jina lilihakikiwa tena? Mfuko na mpira wake vilirudi kwetu, pamoja na sampuli mpya ya damu na mkojo? Ukikuta mfuko ulitupwa kwenye pipa la taka, hilo liandike kwa herufi nzito. Bila mfuko hatuwezi kurudia kulinganisha wala kuotesha bakteria, na sababu haitajulikana tena.

Angalia pia kama damu ilipita mpira mmoja na kitu kingine. Salaini ya asilimia 0.9 ndiyo pekee inayokubalika. Dekstrosi (maji ya sukari) hupasua chembe nyekundu, na Ringa, dripu nyingine, ina kalsiamu inayoweza kuigandisha damu ndani ya mpira.

Uniti zisizojulikana usiziondoe hata moja. Mafaili yanayokosekana masjala mara nyingi ni ya waliofariki na waliopewa rufaa, na hao ndio waliokuwa wagonjwa zaidi. Ukiwaondoa, hesabu yako itapendeza na itakuwa si ya kweli. Kabla ya kukata tamaa pitia sehemu nne: karatasi ya mtoa dawa za usingizi, kwa sababu damu iliyoingia katikati ya upasuaji huandikwa humo na si kwenye fomu ya wodi, kitabu cha vifo, kitabu cha rufaa, na jokofu dogo la chumba cha upasuaji au la wodi ya wazazi kama lipo, ukasome namba za mifuko iliyomo. Usishangae kukuta uniti iliyokwisha muda imelala humo.

Zitakazobaki, ziandike kwa namba ya uniti, moja moja, na mahali ulipotafuta. Peleka orodha hiyo kwenye kamati ikiwa kamili. Majina ya wauguzi usiyapeleke, peleka wodi na saa. Na kabla kikao hakijafungwa, waombe wataje tarehe ya kurudia ukaguzi huuhuu kwa maswali yaleyale, miezi mitatu mbele, na nani atakayeufanya kama wewe utakuwa likizo.